Taarifa Tatu za Kisamvu Bila Chumvi

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye ofisi ya kuchambua taarifa za usalama, cha kwanza wananiangalia miguuni, wakitegemea buti. Mimi navaa makubazi. Cha pili wanashusha sauti. Mshkaji wangu mmoja, dereva wa bodaboda hapa Nachingwea mjini, aliacha kunitania wiki nzima, mpaka nikamfuata kijiweni kwake.

"Vipi wewe, siku hizi mbona unanisalimia kama mkwe?"

"Kaka, sijui umeniandika nini huko."

"Nimeandika unashabikia timu mbovu na unaendesha vibaya."

"Hilo la timu futa," akasema, tukarudi kuwa binadamu.

Ukweli ni kwamba ofisi yetu haimtishi hata kuku. Chumba kimoja, meza tatu, kabati la chuma, feni inayozunguka ikijisikia. Hatukamati mtu, hatumfuati mtu, na hatuna gari. Tunasoma. Kila wiki watendaji wa vijiji na kata za Nachingwea na Ruangwa wanaleta taarifa: wageni waliofika, ugomvi wa mipaka ya mashamba, tembo waliopita, ng'ombe walioingia kwenye ufuta wa mtu, uvumi wa sokoni. Wengine wanaandika kwa kalamu, wengine wanatuma ujumbe wa simu. Sisi tunazipokea zote, tunazipima, na kila Ijumaa tunapeleka nusu ukurasa kwa wakubwa wa wilaya, ambao ndio wanaoamua.

Hiyo nusu ukurasa ina sehemu tatu. Tunachojua. Tusichojua. Tunachodhani, na kwa nini tunadhani. Bosi wetu, mwanamke wa makamo tunayemwita Mama, ambaye amefanya kazi hii mikoa mingi kabla ya kuletwa kwetu, alikuwa mkali kwa kila kitu, lakini kuchanganya sehemu ya kwanza na ya tatu kulimtoa machozi ya hasira. "Ukivichanganya hivyo," alikuwa anasema, "kesho kuna mtu anagongewa mlango kwa sababu ya mawazo yako."

Mimi nilikuwa nakaa kwenye jedwali. Digrii sina. Kidato cha nne nilipata sifuri iliyonyooka, na kompyuta nilijifundisha mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua kwenye ghala la chama cha msingi, naandika majina ya wakulima wa korosho. Nikatengeneza jedwali lililokuwa linagundua mkulima mmoja aliyejiandikisha kwenye maghala mawili. Yule mama alifika pale kuomba orodha, akaliona, akauliza nani kalitengeneza. Wiki mbili baadaye nikawa na meza. Sijivuni, ila jedwali lilikuwa zuri.

Kwenye jedwali la ofisini kila taarifa inapewa herufi na namba. Herufi ni ya mdomo: A ni mtu ambaye tangu tumjue hajatudanganya wala hajadanganyika, E ni mtu tusiyemwamini au tusiyemjua. Namba ni ya neno lenyewe: moja maana yake limethibitishwa na mtu mwingine, tano maana yake halina miguu. Watu wanafikiri uchambuzi ni siri kubwa. Nusu yake ni kujiuliza huyu kajuaje.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa sita, wakati wa ufuta, zikaja taarifa tatu. Aliyezisoma kwa sauti ni yule mwenzetu wa tatu, kaka mmoja wa Njombe, msomi, mpole, anayepiga pasi mpaka soksi. Ya kwanza ilitoka Kiegei: kuna mkulima wa mikorosho analisha watu wasiojulikana porini kwenye shamba lake, wapatao ishirini, wanakaa kama jeshi, chakula chao kisamvu bila chumvi. Ya pili Nambambo: watu takribani ishirini, wamejipanga kijeshi, wanalishwa kisamvu kisichotiwa chumvi. Ya tatu ilitoka mbali kabisa, Mbekenyera, Ruangwa: kikundi cha watu ishirini kinajificha upande wa Nachingwea, lishe yao ni duni, kisamvu pasipo chumvi, na wameanza kunung'unika.

"Vinywa vitatu, wilaya mbili," kaka wa Njombe akasema. "Dogo, hii ni A moja. Andika."

Sikuandika. Taarifa ya Kiegei ilikuwa na jina la mkulima, na jina hilo nalijua kabla sijajua la kwangu. Ni mjomba wangu.

Kwetu mjomba siyo ndugu wa kumtembelea sikukuu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye wewe. Nilipofeli, baba yangu alisema nimemvua nguo mbele ya watu. Mjomba hakusema lolote. Alinionyesha kona ya nyumba yake ilipokuwa betri ya sola, nikaweka pale kompyuta mbovu iliyotupwa na shule, na miezi sita nzima alikuwa anazima redio yake mapema ili umeme unitoshe. Mtu anayependa taarifa ya habari kuliko chakula. Huyo ndiye wameandika ana jeshi.

Nilisubiri kaka wa Njombe aende kunywa chai. Halafu nikaweka E tano kwa zote tatu. Niliona natenda haki.

Mama aliliona jedwali mchana.

"Nani kaweka hizi?"

"Mimi, Mama."

"Mtendaji wa Kiegei amekuwa B tangu nimefika hapa. Leo kawa E kwa lipi?"

"Safari hii kadanganya."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Najua tu haina safu kwenye jedwali lako, na umelitengeneza mwenyewe."

Hapo nikawaka. Mimi nina kichwa cha moto, najijua, na siku ile kiliwaka chote. Nikamwambia huyo mtu ni mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu. Kwamba ana magoti mabovu, kwenda msikitini anapumzika njiani mara mbili, sasa jeshi analiongoza na nini. Kwamba hao watendaji wanaandika upuuzi wakiwa wamekaa na sisi tunaupaka rangi uonekane kazi. Nilipaza sauti mpaka watu wa masijala ya jirani wakaacha kupiga mihuri.

Mama akavuta kiti karibu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Malizia."

Nikafungua mdomo, nikakuta hamna kitu kimebaki.

"Kumpenda mjomba wako hakuna kosa," akasema. "Kosa ni kwamba tangu asubuhi umenificha kuwa ni mjomba wako, na umegusa jedwali. Kuanzia sasa faili hili si lako." Akamgeukia kaka wa Njombe, aliyekuwa amerudi na kikombe chake na amesimama mlangoni hajui aingie au atoke. "Na wewe asubuhi nilikusikia unataka A moja kwa kuhesabu karatasi. Umeuliza hawa watatu wamejuaje?"

"Mama, wanatoka sehemu tofauti kabisa."

"Wanatoka tofauti. Wamesikia tofauti?"

Sijui kama ni hasira ndiyo ilinifungua macho au ni aibu. Nilikuwa naziangalia zile karatasi kichwa chini, nikasema, "Chumvi."

"Chumvi nini?"

"Mama, watu ishirini unaweza kuwaona kwa mbali. Kwamba wamekaa kijeshi, unaweza. Lakini mboga kukosa chumvi mpaka uonje. Huyu wa Kiegei kaonja, wa Nambambo kaonja, na wa Mbekenyera katoka Ruangwa kote huko kuja kuonja kisamvu cha mjomba?"

Kaka wa Njombe akaweka kikombe mezani. Mama alivuta zile karatasi tatu akazipanga moja chini ya nyingine, akasoma tena, kidole kikienda taratibu kwenye mstari.

"Mna Jumatano na Alhamisi," akasema mwishowe. "Mwende kwa hao watatu. Kaka yako atauliza. Wewe unakijua Kimwera, utatafsiri kwa wazee, na hutaongeza neno wala kupunguza. Kwa mjomba wako hutakwenda, na hutampigia simu. Ijumaa karatasi inaondoka na tulichonacho. Siicheleweshi kwa ajili ya ukoo wa mtu."

Sote tulijua ikiondoka na kile tulichokuwa nacho, Jumamosi alfajiri gari la askari linaingia shambani kwa mjomba. Na mzee yule, nilivyomjua, angetoka na panga akidhani ni wezi wa ufuta.

Jumatano asubuhi tunapakia pikipiki, simu yangu ikaita. Mjomba. Kwetu simu ya mjomba haiachwi ikaita; hata ukiwa chooni unaitika. Niliiangalia mpaka ikakata. Ikaita tena. Kaka wa Njombe akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Kiegei tulimkuta mtendaji ofisini kwake, amezungukwa na watu wawili wanaogombea mpaka. Akawatoa nje, akatukaribisha kwa heshima zote. Kaka wa Njombe akaanza taratibu.

"Mtendaji, hawa watu ishirini, uliwaona?"

"Mimi? Sikuwaona. Taarifa ilinifikia."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa raia wema."

Niliuma ulimi. Kaka akauliza tena, kwa upole uleule, kama mtu anayemenya yai. "Raia wema gani, mtendaji?"

"Jirani yangu. Alikuwa ametoka matangani."

"Yeye aliwaona?"

"Hilo sikumuuliza." Akajikuna shingo. "Kiongozi, niseme ukweli? Fomu yenu ya kila wiki ina mahali pa wageni wasiojulikana. Wiki tatu nimeandika hakuna. Nikapigiwa simu kutoka juu, naulizwa nafanya kazi au nalala. Wiki ya nne nikaandika nilichosikia. Na ninyi mmekuja mbio. Nilipoandika hakuna hamkuja."

Kaka wa Njombe aliacha kuandika. Mimi nilikuja nimejiandaa kumchukia yule mtu, nikakosa pa kushika. Ile fomu niliichora mimi.

Nambambo mtendaji ni dada mmoja mchangamfu, hakutuzungusha. Alisikia kwa mama mkwe wake, na mama mkwe alisikia matangani. Matanga yapi? Yale ya Kiegei, ya mzee wa ukoo fulani. Akataja ukoo. Ni ukoo wangu. Mzee aliyefariki nilimzika mwenyewe, nikarudi kazini siku ileile, nikakosa siku ya tatu. Mjomba alikuwa bado hajanisamehe hilo.

Mbekenyera tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi mpaka kope. Mtendaji wa pale, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliapa kwamba chanzo chake ni cha uhakika: mfanyabiashara wa ufuta, mtu wa dini, anayejua kila njia.

"Na yeye alijuaje?" kaka akauliza.

"Alipita kule kununua ufuta, akakuta msiba, akakaa kidogo kutoa pole."

"Matangani."

"Ndiyo. Matangani."

Tulipotoka, kaka wa Njombe alikaa kwenye gogo, akachora kwenye daftari mistari mitatu, kila mmoja umeanzia kijiji chake, yote ikakutana kwenye duara moja. Akaniangalia. "Dogo, hawa wote walikaa jamvi moja."

"Nilikwambia."

"Uliniambia chumvi. Hukuniambia jamvi."

"Haya, gawana na mimi, nusu yako nusu yangu."

Nilikuwa natamba, sikatai. Nilishaona jibu. Siku ya tatu ya matanga kwetu ni siku ya watani. Kuna ukoo ambao ni watani wetu tangu mababu, na siku hiyo wanaruhusiwa kila kitu. Watalala njiani wazuie watu kupita, watamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, watawatangaza wafiwa kuwa wachoyo, wachawi, wezi, na mfiwa haruhusiwi kununa. Msiba usio na mtani kwetu ni msiba wa yatima. Mtu yeyote wa huku aliyekuwepo alijua ni utani. Lakini neno likishatoka kwenye jamvi, kila anayelibeba anaangusha kitu njiani. Anaangusha kicheko, anaangusha vazi la maigizo, anaangusha aliyesema. Likifika ofisini kwetu limebaki jeshi tupu na kisamvu chake.

Alhamisi tukamtafuta mtani mwenye neno. Ni bibi mmoja wa Nambambo, mwembamba kama mwiko, tulimkuta anakung'uta ufuta juu ya turubai. Aliponiona hakungoja salamu.

"Huyu si wa ukoo wa wale wanaoficha sufuria wageni wakija? Leo umekuja kuomba nini?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kwenye matanga ulikimbia. Uliogopa ningekuvua suruali?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazini. Marehemu naye angesema yuko kazini, tungemzika nani?"

Kaka wa Njombe akajitambulisha, akauliza kuhusu watu ishirini. Bibi alimtazama kuanzia soksi mpaka kola. Halafu akaingia ndani. Akatoka na sufuria kichwani na mchi begani, akapiga gwaride kuzunguka lile turubai, magoti juu, na mdomo wake akiupiga kama tarumbeta. Akasimama mbele ya kaka, akampigia saluti, akatoa hotuba yake nusu Kiswahili nusu Kimwera, nami nikitafsiri kipande kwa kipande: kwamba wao askari wa bwana mkubwa wa mikorosho wako ishirini porini, wamechoka, wanalishwa kisamvu bila chumvi kwa kuwa chumvi bwana kaifungia kwenye sanduku na ufunguo kaumeza, na leo wamekuja kumwomba marehemu awe wa ishirini na moja, huenda yeye akasikilizwa.

Kaka wa Njombe alicheka mpaka daftari likamtoka mkononi. "Bibi, kumbe ninyi watani hata kwetu mpo."

"Tupo kote. Kwenu hamfi?"

Nilijisikia mwepesi. Nilianza hata kupanga nitakavyomwambia mjomba siku faili likifungwa, jinsi atakavyocheka, atakavyonisamehe yale matanga. Kaka akajifuta macho, akaokota daftari, na kwa kuwa ni mtu wa kazi, akauliza swali la mwisho. "Mwulize, katika aliyoyasema kuna lolote la kweli?"

Nikauliza. Bibi alishusha sufuria kichwani. Akajibu kwa Kimwera kitupu, tena taratibu, kama mtu anayesema na mjukuu wake. Alisema mtani haokoti maneno hewani. Wapo wawili. Wanaume, siyo wa huku, kawaona kwa macho yake wakichota maji kwenye kisima cha shamba la mjomba. Kile chakula mjomba anachobeba kila siku kwenda porini ni cha hao. Ishirini kaongeza yeye, ili watu wacheke.

"Amesemaje?" kaka akauliza.

Yeye alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Bibi alikuwa ananitazama, na alijua ninachofikiri, maana uso wangu haujui kuficha. Hapo kwenye lile turubai tulikuwa watatu, na wawili tu ndio tuliosikia. Ningesema, "Anasema hakuna, ni mzaha mtupu," na jambo lingeisha. Bibi asingenisaliti, mtani anakutukana hadharani lakini hakuuzi.

Nilimfikiria mjomba na siri yake. Halafu nikafikiria kitu kingine, na hicho ndicho kilinishika. Hao wawili wapo. Anayechota maji leo atachota na kesho. Siku mtu mwingine akiwaona, ofisi itarudi kwenye karatasi yetu itakuta tumeandika hakuna, na aliyetafsiri ni mpwa. Hapo E tano ingekuwa yangu, na neno langu lote lingekufa, pamoja na lile la matanga. Wale askari ishirini wangefufuka. Nisingekuwa na kitu cha kumkingia mjomba tena.

"Anasema ishirini kaongeza," nikasema. "Wawili ni kweli. Kawaona mwenyewe, kisimani. Wanaume, siyo wa huku. Chakula anachobeba mjomba kwenda porini ni chao."

Kaka wa Njombe akainua kalamu. "Una uhakika unataka niandike hivyo?"

"Usiniulize nataka nini. Amesema hivyo."

Akaandika. Bibi akarudi kwenye ufuta wake, akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie, "Huyu mjinga wa ukoo wa wachoyo, leo kanishinda."

Ijumaa karatasi ikaondoka. Sikuiandika mimi, lakini naikumbuka yote. Tunachojua: taarifa tatu zina mdomo mmoja, na mdomo huo ulikuwa wa mtani matangani, hakuna aliyeona watu ishirini. Tunachojua: mtu mmoja ameona wanaume wawili wasio wenyeji kwenye shamba hilo. Tusichojua: ni akina nani, na kama balozi wa nyumba kumi ana habari nao. Tunachodhani: vibarua au ndugu, kwa sababu ni msimu wa kupuliza dawa mikorosho na mwenye shamba ni mgonjwa wa magoti. Chini kabisa Mama akaongeza mstari mmoja: mkalimani ni mpwa wa mtajwa, na ndiye aliyetafsiri habari za hao wawili. Akanipa nisaini pembeni. Nilisaini kwa herufi kubwa.

Gari halikuondoka. Wakubwa waliisoma, wakaamua wenyewe, na Jumamosi mchana mtendaji wa Kiegei na balozi walitembea kwa miguu mpaka shambani na daftari la wageni kwapani. Wakakaribishwa maji. Wale wawili walikuwa shemeji zake mjomba, ndugu wa mkewe kutoka nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruvuma, wamekuja kumsaidia kupuliza dawa kwa kuwa yeye hawezi tena kubeba pampu. Hawakuwa na barua wala karatasi yoyote, na mzee aliona kuliko kusumbuliwa bora awafiche mpaka msimu uishe. Mtendaji akamsema mbele ya mkewe, jambo ambalo halijawahi kumpata mjomba tangu aoe. Wale wawili wakaambiwa Jumatatu waende mjini kushughulikia vibali vyao, na mpaka hapo wasishike kazi.

Na ile fomu nikaichora upya, bila kutumwa. Nikaongeza mahali pa kujaza: uliona mwenyewe au uliambiwa, na uliambiwa na nani. Pale penye wageni wasiojulikana nikaandika kwamba "hakuna" ni jibu kamili. Mama aliisoma, akasema, "Hii ipeleke leo." Kwa Mama hiyo ni sherehe.

Jumapili nikaenda kwa mjomba. Faili lilikuwa limefungwa, nilikuwa na ruhusa. Nilimkuta amekaa kibarazani, kitambaa cha dawa kimefungwa gotini.

"Shikamoo, mjomba."

Akakaza kwanza fundo la kitambaa. "Marahaba. Nilikupigia."

"Niliona."

"Uliona." Akatema mate pembeni. "Nasikia aliyesema wawili ni wewe."

"Ndiyo, mjomba."

"Mtani alisema kwa Kimwera."

"Alisema."

"Na yule mwenzio hasikii Kimwera."

"Hasikii hata salamu."

"Kwa hiyo nafasi ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Mkewe, aliyekuwa anapepeta pembeni, akaweka ungo chini. Nikaona nikingoja aseme yeye nitaanza kupaza sauti, kwa hiyo nikasema kabisa. "Mjomba, walikuandika una jeshi. Watu ishirini. Gari lilikuwa linakuja alfajiri, na wewe nakujua, ungetoka na panga. Wale ishirini nimewafuta mimi. Lakini ningefuta na hawa wawili, halafu mtu akawaona, wale ishirini wangerudi, na safari hiyo nisingekuwa na mdomo wa kukusemea. Ukitaka kunifukuza nifukuze. Ningerudi pale kwa bibi ningesema vilevile."

Alinitazama kama anavyotazama mkorosho kabla ya kuamua kama unakatwa au unapogolewa.

"Umemaliza?"

Nikataka kucheka, maana alikuwa hajawahi kukutana na Mama. "Nimemaliza."

"Mistari sita haijapulizwa," akasema. "Wale vijana umewasimamisha kazi, kesho wanakwenda kupanga foleni mjini. Mimi goti hili. Pampu iko pale nyuma ya mlango."

Nikavua shati la ofisini, nikaivaa pampu mgongoni. Akanifuata na fimbo yake mpaka mwanzo wa mstari, akakaa juu ya ndoo, na mchana kutwa kazi yake ikawa kunisema. Juu zaidi. Umeacha tawi. Unapuliza mti au unaumwagia maji ya kunawa. Wale shemeji zake wawili walikaa kivulini wanacheka, na mmoja akanifundisha kwa ishara namna ya kushika mpini usiumize bega. Kunisamehe hakutamka. Lakini mstari wa sita ulipoisha akaniambia Jumapili inayofuata kuna mingine, nisichelewe.

Jumatatu niliingia ofisini nanuka salfa mpaka masikioni. Kabla sijakaa nikamwambia Mama, "Jana nilikuwa kwa mtajwa."

"Kufanya nini?"

"Kupuliza mikorosho. Mistari sita."

Akafungua kabati la chuma, akatoa faili, akaandika hivyo hivyo nilivyosema, na tarehe. Kisha akanisukumia taarifa za wiki mpya, nikaanza kusoma.